Diwani apimwe kwa mihtasari ya vikao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wapigakura wenzangu wa Mwanza, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, kwamba rekodi ya mtu anayeomba kura haijafungiwa Dodoma. Sehemu kubwa iko ofisi ya kata, kwenye kabati la mtendaji, na tuna haki ya kuiomba.

Kinachotuponza zaidi ni kuamini kwamba jina likishapitishwa na tume, basi mtu kachujwa. Ibara ya 67 ya Katiba, inayotaja sifa za mbunge, inawazuia waliotiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi, na waliofungwa kwa makosa ya utovu wa uaminifu. Aliyekula fedha za kikundi akazirudisha kimyakimya baada ya kubanwa, fomu yake ni safi kabisa. Huyo hawezi kuchujwa na mtu mwingine isipokuwa sisi tunaoishi naye.

Kwa diwani anayetetea kiti, anzeni na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Yeye ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ndiye katibu. Kwenye muhtasari someni kwanza mahudhurio, halafu nendeni moja kwa moja kwenye ajenda ya yatokanayo, yaani yaliyofanyika tangu kikao kilichopita. Hapo ndipo mtu anaonekana alivyo. Kama matundu ya vyoo vya shule yameandikwa "utekelezaji unaendelea" kikao hiki, na kile cha robo inayofuata, na cha mwaka mwingine, bila jina la anayefuatilia wala tarehe ya kumaliza, mwenyekiti amekuwa akifungua na kufunga vikao tu. Hotuba yake nzuri jukwaani haibadilishi karatasi hiyo.

Namna ya kuomba: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Andikeni barua nakala mbili, moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wengi hukwama kwa sababu huandika "naomba taarifa za maendeleo ya kata", maneno ambayo ofisi yoyote inaweza kuyajibu kwa mstari mmoja. Tajeni kikao, mwaka na mradi mnaoutaka. Vikao vya Baraza la Madiwani navyo viko wazi: mwananchi haruhusiwi kuchangia, lakini kukaa na kusikiliza ni ruksa. Cha kutokosa ni kile cha kujadili hoja za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ambacho mara nyingi hufanyika Juni. Angalieni nani anauliza, na nani anasinzia.

Kuhusu CAG, msidanganyike na hati safi. Hati safi maana yake hesabu zimeandaliwa kwa viwango vinavyokubalika. Haisemi kwamba hakuna aliyeiba wala kwamba fedha zilitumika vizuri. Maudhi yamo kwenye hoja zinazofuata baada ya hati. Ripoti huwasilishwa bungeni Aprili na huwekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Hutaja halmashauri, kwa hiyo msimbandike mtu mmoja hoja ya halmashauri nzima. Muulizeni alisema nini hoja hiyo ilipofika barazani.

Neno "nimeleta" nalo lichunguzwe. Madarasa ya mpango wa UVIKO-19 ya mwaka 2021 yalijengwa nchi nzima kwa Sh milioni 20 kila moja, fedha za mkopo wa Serikali. Anayesema ameyaleta yeye anadai sifa ya watu wengine. Swali la maana kwake ni je, darasa lilikamilika kwa kiasi hicho? Kamati za ujenzi na za mapokezi zilikuwa za wanakijiji, na bado wapo. Waulizeni mifuko ya saruji iliyopokelewa na iliyobaki.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) ilisitishwa Aprili 2023 baada ya malalamiko mengi, kisha ikarejeshwa. Ombeni orodha ya vikundi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, halafu mwende mkaone. Kikundi kilichokopa kwa ajili ya dagaa lazima kiwe na vichanja vya kuanikia na wanachama wanaojuana kwa majina. Kisipokuwepo, tafuteni aliyekipitisha.

Asiyewahi kuwa diwani pia ana rekodi. Aliongoza BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni? Angalieni mitumbwi yake mwenyewe inatumia nyavu gani, maana mwenye kokoro au timba, nyavu haramu, hawezi kuwakamata wenzake. Aliongoza ushirika? Ukaguzi wa COASCO, shirika la umma linalokagua vyama vya ushirika, husomwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Kwa mbunge, taarifa rasmi za mijadala ya Bunge ziko mtandaoni, na Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo anausimamia yeye kama mwenyekiti wa kamati.

Hukumu za mahakama zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, lakini majina hufanana mno. Hakikisheni mkoa, mwaka na kazi ya mtu kabla ya kumchafua. Kushtakiwa pia si kupatikana na hatia.

Na anayegawa kanga na unga wakati huu, Mahakama Kuu ilishaitangaza takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapigakura, kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006. Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure.

Yote haya yafanyike kabla ya kura za maoni za vyama, kwa sababu kwenye kata nyingi mshindi hupatikana hapo. Siku 30 za kusubiri majibu zikianza kuhesabiwa baada ya fomu kuchukuliwa, barua itajibiwa wakati kampeni zimeshapamba moto.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza