Mwanangu, ile video ya feri

Mwanangu, salaam aleikum. Nakuandikia hapa wasap kwa sababu jana ulinikatia simu, na mimi sikulala.

Umesema mlikuwa mnangoja feri hapo Likoni asubuhi, watu wamejaa, ukamuona jamaa amemganda msichana wa watu kwa nyuma, anamshikashika, msichana anajisogeza mbele hana pa kwenda, na wewe ukatoa simu ukarekodi. Nikakuuliza kisha ukafanya nini, ukanambia "mama hayanihusu, na kila mtu alikuwa anaona". Hiyo ya kila mtu alikuwa anaona ndiyo iliyonikata maini.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Wakati nina mimba yako nilipanda matatu ya kwenda Mtwapa, na mbele yangu kaketi dada mmoja kavaa yunifomu ya hoteli. Makanga alikuwa anamrudishia chenji anaziangusha sarafu makusudi kwenye sketi yake halafu anaziokota mojamoja, polepole, huku anacheka na dereva. Gari zima kimya. Mzee wa pembeni akafungua gazeti. Mimi nikajiambia nna mimba, nikisema ntasukumwa. Dada wa watu akashuka Bombolulu na hoteli yenyewe iko mbele huko Bamburi, yani aliona heri atembee na lile jua, na alipokuwa anashuka akanitazama mimi, mwanamke mwenzake. Sasa una miaka 22 na yale macho bado nayaona.

Sikutumi ukapigane, wengine hutembea na visu. Lakini ungepenya tu ukasimama kati yao ukasema "dada, za siku nyingi, mama anakuulizia", basi, msichana keshapata pa kuegemea. Ama upaze sauti, askari wako hapo hapo getini. Mtu mmoja akisema wengine hupata midomo, mimi nimeyaona Kongowea sokoni, mama mmoja wa nyanya aliuliza tu "wee mkono huo wafanya nini?" na mstari mzima ukainuka, jamaa akakimbia akaacha kiatu.

Wakumbuka 2014 kule Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo stejini mchana kweupe? Wanaume walimzunguka na simu ziko juu, kama yako. Wanawake wakaandamana mwezi wa 11, na kabla mwaka kuisha sheria ikaongezwa, kumvua mtu nguo kwa nguvu ni miaka 10 jela kwenda juu. Sheria ya makosa ya kingono yenyewe iko tangu 2006. Lakini sheria haipandi feri, wanaopanda ni nyinyi.

Na ikitokea siku rafiki yako yeyote kabakwa, usimuulize alivaa nini wala alikuwa wapi. Asioge, nguo zitiwe mfuko wa karatasi si wa plastiki, mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani mapema, dawa ya kuzuia ukimwi yataka kabla ya saa 72 kuisha. Ukikwama piga 1195, laini ya kusaidia waliodhulumiwa kijinsia, ni bure.

Ile video uliyoituma kwa grupu la wasap itoe leo. Kwa simu yako usiifute, huenda yule msichana akaitaka akienda polisi, na hiyo ni haki yake kuamua, si yako.

Umesema yule msichana huvuka kila siku wakati kama wako. Kesho alfajiri navuka kuja huko Likoni, ningoje getini. Ukimuona nionyeshe, nataka kumsalimia, na wewe utamuomba radhi nikiwa nimesimama hapo.