Barua kwa mwanangu: asumini imerudi barazani

Mwanangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima na baridi ya Nairobi imepungua. Sisi huku hatujambo. Nyanyako magoti yanamsumbua, ila anakusalimu sana na anakukumbusha usilale na nywele mbichi.

Juzi uliniuliza kwa nini baraza linaonekana tupu kwenye picha. Sikukujibu kwa sababu roho iliniuma. Maua yote yalikufa, mwanangu. Maji ya mfereji yalikatika wiki kwa wiki, nikawa nanyweshea ya kisima, nawe unakijua kisima chetu: ukisukutua tu unaisikia chumvi. Majani yakaanza kuungua ncha kama yaliyopitishwa motoni, kisha vyungu vikafanya ukoko mweupe ukingoni. Niliukwangua kwa ukucha nikauonja. Chumvi tupu. Asumini ya nyanyako, ile aliyohama nayo kutoka mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, ndiyo iliyokufa mwisho. Yeye hakusema neno. Alivunja kijiti, akakitazama ndani kilivyokauka, akakirudisha chunguni taratibu.

Nadhani hilo ndilo lililomgusa babako. Ijumaa alirudi kazini akasema siku mbili hizi hakuna kuwasha jiko nyumba hii. Jumamosi tukaamkia mahamri na mbaazi za nazi za kununua, na jioni tukaenda Laitihausi sote, hata nyanyako. Tulimkalisha chini ya mbuyu, uso kwa mlango wa bahari, akawa anazitazama meli zinazoingia Kilindini. Muuza mihogo alikuwa kijana mwenye mkono mwepesi: anaupasua muhogo wa kuchoma kwa urefu, anachovya nusu ya ndimu kwenye pilipili na chumvi, anausugua mpaka ndani kabisa, halafu anaufumba tena kama kitabu. Nyanyako alikula wote. Mdogo wako yeye na viazi karai vyake vya ukwaju, kisha dafu, kisha muhogo, kisha dafu la pili. Nilitamani ungekuwapo.

Jumapili sasa ndiyo ilikuwa siku yangu. Tulizunguka vitalu vya kando ya barabara kule Nyali tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Babako alitaka bogenvila, maana inastahimili jua, lakini kila ukuta wa mtaani una bogenvila. Nilitaka mimea ambayo mgeni akiketi barazani ataiuliza. Nikawa nauliza kitu cha mbali, cha ugenini, na yule mzee wa kitalu akaniacha nimalize, kisha akanipeleka nyuma kwenye kivuli. Akaniambia vitu adimu vya kuwekwa barazani ni vya pwani yetu hii hii, basi tu hatuvitazami.

Alinionyesha kwanza waridi la jangwani. Shina lake limevimba chini kama mtungi, na humo ndimo linamoweka maji ya kiangazi. Maua yake ni ya rangi ya waridi, makubwa, juu ya vijiti karibu visivyo na majani. Linaota lenyewe kwenye vichaka vikavu vya nchi hii. Lakini utomvu wake ni sumu, na wawindaji wa zamani walikuwa wakipaka kwenye mishale, kwa hiyo nimeliweka juu ya kipandio cha ukuta ambako watoto wa jirani hawafiki, na mdogo wako nimemkataza kulikata hata jani.

Kisha ule mmea wa majani yanayong'aa unaouzwa kwa jina la ZZ, ambao umejaa ofisini kwenu huko Nairobi, nimeuona kwenye picha zako. Kumbe ni wa misitu ya huku Afrika Mashariki! Waholanzi ndio walioanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ukazunguka dunia nzima, na sasa tunaununua kama mgeni. Una vinundu chini ya udongo mfano wa viazi, ndimo unamoweka maji. Ukiusahau wiki tatu haukulaumu.

Kulikuwa na kingine nilichokitamani mno: mtapo. Unafanana na mnazi mfupi wenye miba, na ukoo wake ni wa kale kuliko mimea yote itoayo maua. Kitalu cha pili muuzaji alininong'oneza kwamba anao mkubwa, umeng'olewa porini Kwale. Nilikataa palepale. Mtapo hukua polepole sana. Mkubwa kama ule pengine ulikuwapo kabla ya nyanyako kuzaliwa, na ukoo mzima wa mitapo hii umo kwenye orodha ya juu ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa sababu ya watu kuing'oa hivyo. Siwezi kukaa barazani nikinywa kahawa nikiutazama.

Nimechukua pia lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara. Mjerumani mmoja aliyekuwa akitawala huko, von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892, likawa ua la madirisha ya Ulaya. Halitaki jua kali wala maji juu ya majani. Hili barazani lisingekaa, kwa hiyo liko kwenye dirisha la chumba chako, upande wa asubuhi.

Maji nayo tumeyapatia dawa. Babako amefunga mfereji wa bati kuelekeza mvua kwenye pipa, na chini ya kila chungu nimetia kokoto na nikahakikisha tundu liko wazi, chumvi isituame. Ya kisima hayataingia tena humo.

Asumini tuliipata kitalu cha mwisho, ikiwa na matumba matatu. Nyanyako aliipanda mwenyewe, akiwa ameketi kwenye kigoda, hakutaka msaada. Alasiri akayachuma yale matumba kabla hayajafunguka, akayatia kwenye mrehani kidogo akafunga kikuba, akakiweka chini ya mto wake. Sasa ni usiku, nimepita mlangoni kwake, chumba chote kinanukia kama Kuze.

Mamako