Shoga, kuhusu huyo mtoto wa miguu

Shoga mambo, voice note yako ya kesi ya mtoto aliyeungua miguu niliipata nikiwa kwenye daladala sikusikia kitu, nimeirudia usiku huu ndo nakuandikia.

Huyo mtoto wa darasa la pili wanayesema kapiga teke sufuria la maji ya moto, angalia kidonda kinaishia wapi. Maji yakimwagika yanaruka hovyo, utakuta doa kubwa huku dogo kule. Sasa kama miguu yote miwili imeungua sawasawa na juu imekatika kama mtu kavaa soksi, huyo alishikwa akatumbukizwa, mwambie daktari akiandike hicho kitu kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, asiishie kuandika "ameungua" tu. Michubuko nayo hivo hivo, mtoto wa kucheza anachubuka magoti na ugoko, ila masikio, mgongo, mapaja kwa ndani, hapo uliza mara mbili.

Afu usimkimbilie mama wa kambo kisa ni wa kambo jamani. Nani alikuwepo nyumbani maji yanachemka? Mi nimeona mama wa kambo ndo kamleta mtoto hospitali na aliyemuumiza ni baba mzazi. Kila mtu andika alichosema kwa maneno yake, kesho akibadilisha andika na hayo pia.

Mtoto usimuulize "mama ndo kakuchoma?", muulize nini kilitokea halafu unyamaze. Na asihojiwe na kila mtu, mwalimu kamuuliza, mwenyekiti wa mtaa kamuuliza, bibi naye, mwisho anajibu anachoona mnataka kusikia. Mpeleke polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, aongee pale. Huyo mwalimu mkuu asiyetaka kuingilia familia za watu mwambie Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa, na akiogopa kujulikana apige 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Ila kinachoniuma kwenye hii kazi ni vikao. Kesi imekaa vizuri kabisaa, mara baba mkubwa katoka kijijini, wamekaa, wamelipana, siku ya mahakama shahidi hata mmoja haonekani na mtoto kashahamishwa kwa shangazi mkoani. Watakwambia yaishe kifamilia, watakwambia na mtoto wa miaka 7 ushahidi wake haufai. Unafaa! Tangu Sheria ya Ushahidi irekebishwe 2016 wala hahitaji kula kiapo, anaahidi tu kusema ukweli. Kwa hiyo kabla hawajakaa kikao we uwe umeshafungua jalada polisi na umejua mtoto analala wapi wiki hii.

Ikija ya kubakwa usilale nayo, dawa za kuzuia VVU mwisho wa kuanza ni saa 72 tangu tukio, nguo zisifuliwe na ziwekwe kwenye bahasha ya kaki, sio mfuko wa plastiki.

Nauli ya bodaboda utajilipia, zoea tu. Kesho ukitoka dawatini nipigie, na faili usiliache mezani, hiyo ofisi mnachangia na mtendaji na watu wanaingia kama sokoni.