Masomo ya mtandaoni yasitegemee programu ya kampuni moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizisihi taasisi za elimu, makumbusho na wachapishaji: wanapoagiza masomo, ramani au michezo ya kujifunzia ya kwenye wavuti, wasipokee kazi isiyofunguka mpaka msomaji aongeze kwenye kivinjari chake programu-jalizi inayomilikiwa na kampuni moja.

Hasara yake tumekwisha kuiona. Flash, programu-jalizi iliyoanza mwaka 1996 na kuingia mikononi mwa kampuni ya Adobe mwaka 2005, ndiyo iliyobeba katuni, michezo na majaribio mengi ya sayansi mtandaoni. Mwaka 2017 Adobe ilitangaza kwamba itaiacha. Huduma ikakoma tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe ikazuia kazi za Flash zisifunguke. Masomo yaliyotungwa kwa jasho la walimu yakazimika kwa uamuzi ambao hawakushirikishwa, ingawa yaliyofundishwa humo yalikuwa sahihi kama zamani. Silverlight, programu-jalizi ya Microsoft, nayo ilifikia kikomo Oktoba 2021.

Sikatai kwamba Flash iliziba pengo, kwa kuwa wakati ule vivinjari havikuwa na njia yao ya kuaminika ya kuonyesha video wala michoro inayosogea. Sababu hiyo imekwisha. HTML5, toleo la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti lililopitishwa mwaka 2014 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, huonyesha video na kutoa sauti ndani ya ukurasa wenyewe; SVG huchora michoro isiyofifia ikikuzwa, na WebGL huleta maumbo ya pande tatu. Maelezo ya viwango hivi yako wazi kwa yeyote, hivyo kampuni moja ikijitoa, wengine wanaweza kuendelea kutengeneza vivinjari vinavyovisoma. Kwa Flash, imebidi wanaojitolea waunde Ruffle, programu huria inayofufua kazi za zamani, na jitihada hiyo njema bado haifungui kila kitu.

Hata hivyo, kutaja HTML5 katika mkataba hakutoshi, maana kazi inaweza kufuata kiwango hicho huku faili zake za asili zikibaki kwa muuzaji, asiweze mwingine kuirekebisha. Mkataba uagize kwamba kazi ifunguke katika zaidi ya kivinjari kimoja bila nyongeza yoyote, kwamba faili za asili akabidhiwe aliyelipia, na kwamba asiyeona aweze kuitumia kwa kisoma-skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.

Msomaji wako