Chumba kipimwe kabla ya kununua kiyoyozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatanabahishe wenzangu wanaonunua viyoyozi kwa kukisia. Niliuziwa cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa chumba cha mita 3 kwa 4, ambacho kwa kawaida hutoshelezwa na BTU 9,000. Kikawa kinapoza kwa dakika chache na kujizima kabla hakijakausha hewa, na kwa kuwa hewa ya visiwani kwetu ina unyevu mwingi, shuka zilikuwa baridi lakini majimaji. Fundi apime chumba kwanza, aangalie dirisha linalopigwa na jua la alasiri na paa pia, maana bati lisilo na dari huongeza joto mno. Sehemu ya kiyoyozi inayofungwa nje isielekezwe baharini, kwani chumvi huila upesi.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba