Kibao cha mlangoni na mkono wa shangazi

Mhariri,

Mwezi uliopita shangazi yangu aliteleza ndani ya duka moja kubwa hapa Mombasa. Dumu la mafuta ya kupikia lilikuwa limepasuka, sakafu inang'aa kama kioo, na hakuna aliyetandika hata kipande cha boksi. Mkono ukavunjika kifundoni. Sasa hata nazi hawezi kukuna. Meneja alimletea soda (baridi, tusimnyime haki yake), kisha akatuonyesha kibao kule mlangoni: "Tahadhari, sakafu huteleza."

Wengi wetu tukionyeshwa kibao hunywea. Lakini sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa anayesimamia jengo, Sura ya 34, inamtaka ahakikishe kwa kadiri inavyofaa kuwa anayeingia yu salama, na onyo peke yake halimwondolei lawama ikiwa halikutosha kumkinga mtu. Kesi ya fidia ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3.

Shangazi ameweka risiti, karatasi za hospitali na picha ya sakafu niliyopiga kwa simu. Juzi meneja alipiga akitaka "tuyamalize kinyumbani." Akajibiwa: "Mwanangu, mwandikie wakili wangu."

Msomaji,
Kisauni, Mombasa