Barua kwa Baba: Mfua Dhahabu wa Köln

Köln, Ujerumani
15 Februari 2026

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote hapo nyumbani, na kwamba goti limepungua maumivu. Huku sisi ni wazima. Leo mji mzima umevaa nguo za karnivali, ngoma zinapigwa hadi chini ya dirisha langu, na kesho ndiyo siku kubwa yenyewe. Magari yaliyopambwa yatapita barabarani na watoto watarushiwa peremende. Mimi nimebaki ndani nikuandikie, kwa sababu jambo lenyewe halisemeki kwenye simu huku watu wakipokezana kusalimia.

Mama bila shaka amekwisha kukueleza. Kule ghalani ninakofanya kazi wenzangu wameniomba nigombee baraza la wafanyakazi. Uchaguzi ni mwisho wa Machi, na orodha ya majina inafungwa tarehe 27 mwezi huu. Nilipomwambia Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Usiyaanze ya baba yako." Hakuongeza neno. Nami sikumjibu, maana nakumbuka vizuri mwaka ule mliodai glavu na buti za kufanyia kazi kwenye korona, kile kiwanda cha kuchakata mkonge, wewe ukasimama ukasema mbele ya meneja, na mwisho wa wiki jina lako halikusomwa kwenye malipo. Nakumbuka Mama akiamka saa tisa usiku kukanda maandazi. Wale uliowasemea walikuwa wakipita nyumbani kwetu wakitazama upande mwingine.

Sasa nikusimulie habari za mtu mmoja, halafu nitarudi kwenye hili.

Kila siku nikitoka kazini nabadilisha treni kwenye kituo kinachoitwa Hans-Böckler-Platz. Miaka mitatu nimepita pale bila kujiuliza huyo Böckler ni nani. Nilidhani ni jenerali au tajiri fulani, maana hao ndio wanaopewa viwanja popote duniani. Ni mzee mmoja wa zamu yetu, Mturuki aliyekuja hapa akiwa kijana, aliyeniambia, "Huyo alikuwa fundi kama sisi. Ndiye aliyetupa kiti mezani." Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari zake usiku.

Alizaliwa tarehe 26 Februari 1875 katika kijiji cha Trautskirchen, huko Bavaria, kwa watu wa hali ya chini. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 13, akaacha shule na kutafuta kazi. Kazi aliyoipata mjini Fürth ilikuwa ya kufua dhahabu. Baba, kazi hiyo nimeiona kwa macho yangu mwaka jana nilipokwenda Schwabach, mji wa jirani na Fürth ambako mafundi wachache bado wanaifanya. Kipande kidogo cha dhahabu kinapangwa katikati ya ngozi laini, kisha fundi anapiga kwa nyundo nzito, anageuza, anapiga, anakata vipande vinne, anapanga upya, anapiga tena. Saa nzima ni mlio huo huo. Mwishoni aliniwekea jani moja kiganjani. Halikuwa na uzito wowote. Nilipoliinua mbele ya taa mwanga ulipenya, na nilipovuta pumzi tu likajikunja na kunatia kwenye ngozi ya mkono. Fundi alikuwa na bega moja kubwa kuliko lingine. Nilifikiria mtoto asiye na baba akiinua nyundo ile kutwa nzima ili watu wengine wapambe makanisa na fremu za picha.

Mwaka 1894 akajiunga na chama cha wafanyakazi wa chuma, na hakutoka humo tena. Chama kikamtuma huku na huko, Saarbrücken, Frankfurt, Breslau, akifungua matawi na kusikiliza kesi za watu waliokatwa mishahara. Vita Kuu ya Kwanza vikamchukua, akarudi na jeraha, kisha akahamia hapa Köln kuongoza wafanyakazi wa chuma, na mwaka 1928 akachaguliwa mbunge.

Halafu ukaja mwaka 1933, na hapa nilisoma polepole. Hitler alipochukua madaraka, viongozi wakuu wa vyama vya wafanyakazi walifikiri wakijishusha kidogo wataachwa salama. Serikali mpya ikaifanya Mei Mosi kuwa sikukuu yenye malipo, jambo ambalo wafanyakazi walikuwa wamelililia miaka mingi, na viongozi wakawahimiza wanachama washiriki. Wakaandamana chini ya bendera za watu wale wale. Kesho yake asubuhi, tarehe 2 Mei, wanamgambo wa Hitler wakavamia nyumba za vyama nchi nzima, wakanyakua fedha na majengo, wakawakamata viongozi. Mjini Duisburg wanne waliuawa. Böckler naye alitiwa ndani kwa muda mwaka huo. Mimi siwalaumu sana wale walioandamana, kwa sababu wengi walikuwa wanajaribu kuokoa kitu walichokijenga senti kwa senti. Lakini walijidanganya, na lazima lisemwe.

Miaka kumi na miwili iliyofuata aliishi akichungwa. Chini kwa chini alikuwa na mawasiliano na Wilhelm Leuschner, kiongozi mwenzake wa vyama, aliyekuwa kwenye mpango wa kumwondoa Hitler. Jaribio la tarehe 20 Julai 1944 liliposhindwa, Leuschner alikamatwa na kuuawa mwezi Septemba. Böckler alijificha vijijini, mashariki ya Köln, hadi Wamarekani walipofika.

Vita vilipokwisha alikuwa na miaka 70, Baba. Umri wako kasoro mmoja. Mji ulikuwa vifusi, na yeye angeweza kukaa kando akawaachia vijana. Badala yake alianza upya, safari hii akishikilia jambo moja. Zamani wafanyakazi wa Ujerumani walikuwa na vyama vya wasoshalisti, vya Wakristo, na vingine mbali, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa shaka, na ndiyo maana walivunjwa kirahisi. Yeye alitaka nyumba moja kwa wote. Waingereza waliokuwa wakitawala eneo hili hawakukubali chama kimoja chenye nguvu zote, akalazimika kukubali vyama kwa sekta chini ya shirikisho moja. Shirikisho hilo, DGB, lilizaliwa München mwezi Oktoba 1949, likiwa na vyama 16 na wanachama karibu milioni 5. Böckler ndiye akawa mwenyekiti wa kwanza.

Kiti alichokisema yule mzee Mturuki kinatoka hapa. Wajerumani wanaliita neno hilo Mitbestimmung, yaani kuamua pamoja. Wenye viwanda vya chuma na migodi ya makaa walikuwa wamemsaidia Hitler, kwa hiyo Böckler alisema mali kubwa namna ile isiachwe tena mikononi mwa wachache bila mtu wa kuwauliza. Katika baadhi ya viwanda vya chuma, tangu 1947, wafanyakazi walikuwa tayari na nusu ya viti kwenye bodi. Dola mpya ya Ujerumani Magharibi ilipoundwa, ikaonekana haki hiyo inaweza kupotea. Vyama vikapiga kura ya mgomo. Mwishoni mwa 1950 wafanyakazi wa chuma, na Januari 1951 wachimba makaa, zaidi ya 9 katika kila 10 wakasema wako tayari kuweka zana chini.

Hawakuhitaji kugoma. Böckler alikwenda kuzungumza na Kansela Konrad Adenauer, ambaye zamani alikuwa meya wa Köln wakati Böckler akiongoza wafanyakazi wa chuma mjini humo. Wazee wawili, wote wa miaka 75, wakakubaliana mwezi huo huo wa Januari. Kwenye kampuni za makaa na chuma zenye watu zaidi ya 1,000, bodi itakuwa na wawakilishi wa wafanyakazi sawa kwa sawa na wa wenye hisa, na mmoja asiyeegemea upande. Na mkurugenzi wa mambo ya kazi hawezi kuteuliwa wawakilishi wa wafanyakazi wakimkataa.

Alifariki tarehe 16 Februari 1951. Bunge lilipitisha sheria tarehe 10 Aprili, hakuiona. Kesho itatimia miaka 75 tangu afe.

Wapo wanaosema aliafiki mapema mno, kwamba angesukuma zaidi viwanda vikawa mali ya umma kama alivyokuwa akidai. Nimewasoma. Lakini mimi nimekulia kwenye shamba ambako mtu alipoteza kazi kwa kutaja glavu.

Jana nilikwenda makaburi ya Melaten, alikozikwa. Kasuku wa kijani walikuwa wakipiga kelele juu ya miti isiyo na majani, nikasimama kidogo nikamwombea.

Sasa lile langu, Baba. Hili baraza la wafanyakazi si bodi kubwa, ni la mahali pa kazi tu. Linaangalia zamu, saa za ziada, usalama. Kura ni ya siri, na uraia hauulizwi. Anayegombea analindwa na sheria asifukuzwe kwa sababu hiyo. Mwambie Mama hivyo, taratibu, akiwa amekaa. Mwambie pia nimekwisha kutia sahihi.

Ninachokuomba wewe ni kitu kingine. Kwenye zamu yetu wapo Waeritrea, Wasiria na Wapolandi wanaoogopa hata kuandika jina kwenye karatasi. Wewe ulisimama bila sheria yoyote nyuma yako, na hujawahi kutusimulia. Siku ile kwenye korona, ulianza na maneno gani? Nani alikuwa wa kwanza kusimama karibu nawe? Umwambie mdogo wangu aandike unavyosema, asirembe, anitumie kabla ya tarehe 27.

Fedha za dawa ya goti nimezituma Ijumaa.

Mwanao akupendaye,
Rashidi